Je, Mtu Aweza Kuwa Garasa?



Kila mwaka Ligi Kuu ikimalizika, huja majuma kadhaa ambayo hakuna mechi inayochezwa, na hata hivyo maneno ya mpira huwa mengi kuliko wakati wa mechi zenyewe. Hayo ndiyo majira ya usajili. Klabu hutangaza wachezaji zinaowaacha na wale zinaowachukua, na hapa kwetu Miyuji, kama ilivyo kote nchini, penye kivuli hapakosi kikao. Waendesha bodaboda wanajadili, vinyozi wanajadili, mama lishe anajadili huku akigeuza chapati. Hata Jumapili, ibada ikiisha na watu wakingojea mnada wa kuku na mayai yaliyotolewa sadaka, utawasikia wanaume pembeni: Simba itafute beki wa kushoto, Yanga imwache nani, Dodoma Jiji yetu itampata wapi mfungaji.

Juu ya vikao hivi pana maoni mawili katika mtaa wetu. Wako wazee wasemao kwamba ni upuuzi mtupu, kwamba vijana wanapoteza saa nzima wakigawana watu wasiowajua kwa fedha wasizokuwa nazo. Wako wengine wasemao kwamba huu ni mchezo tu, na maneno ya mchezo hayana ubaya. Mimi naona pande zote mbili zimeliruka swali lenyewe. Swali ni hili: Je, ni haki kumjadili binadamu mwenzetu, thamani yake, matumizi yake na kuachwa kwake, kwa namna ile ile tunayojadili bidhaa? Na kama si haki, je, yatupasa kunyamaza?

Tulifikiri pamoja, hatua kwa hatua, kama tulivyofundishwa katika chuo cha ualimu: kwanza kulieleza jambo, kisha kulipima.

Usajili wetu una madirisha mawili, kama tuyaitavyo. Dirisha kubwa hufunguliwa katikati ya mwaka, kabla ya msimu mpya. Dirisha dogo hufunguliwa msimu ukiwa umefika kati. Dirisha likifungwa, hakuna kuandikisha mtu tena. Uwanjani huingia wachezaji 11 tu kwa kila timu, na kanuni za ligi huweka kikomo cha wachezaji wa kigeni, kwa hiyo mara nyingi anayeingia humtoa mwingine. Hapo ndipo ulipo utamu wa mjadala, na hapo hapo ndipo ulipo uchungu wake.

Huko Marekani jambo hili lina utaratibu mwingine. Katika mpira wao, ule unaochezwa zaidi kwa mikono kuliko kwa miguu, klabu za kulipwa huketi kila mwaka na kuwachagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni. Klabu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huchagua kwanza, ili wenye nguvu wasimeze wote. Utaratibu huo ulianza mwaka 1936 katika mji wa Philadelphia, mwaka ule ule ilipoanzishwa klabu tunayoiita leo Simba, na mwaka mmoja baada ya kuanzishwa Yanga. Kijana akichaguliwa na klabu fulani, ndiyo hiyo, hachagui yeye. Sisi hatuna zamu namna hiyo. Mwenye fedha na mwenye ulimi mtamu ndiye apataye. Lakini kikao cha mashabiki ni kile kile, huko na huku: watu wasio na kura, wanaamua habari za mtu asiyekuwapo.

Sasa, kabla ya kuwalaumu, yafaa kuwatendea haki mashabiki. Mwalimu anayetaka kuona watu wakijenga hoja na aende kijiweni. Kijana ambaye darasani hakufungua kinywa, pale atakueleza kwa nini timu yenye mabeki wanaopenda kupanda mbele inahitaji kiungo mmoja mtulivu wa kubaki nyuma. Mwenzake atampinga, naye atatoa mfano wa mechi ya mwaka juzi, dakika na mfungaji. Tajiri na maskini, Mkristo na Mwislamu, huketi benchi moja, na asiye na hoja hunyamazishwa hata akiwa na gari. Shule nyingi zingefurahi kuwa na darasa la namna hiyo.

Tena, klabu hizi zilikuzwa na wanachama. Mtu anayejadili timu yake ifanye nini huonyesha kwamba anaihesabu kuwa yake. Na kuchagua kwenyewe si kosa. Kwaya huchagua sauti, mtaa huchagua wazee wa kanisa, mwenye shamba huchagua vibarua. Hapana kuchagua pasipo kulinganisha, na hapana kulinganisha pasipo kusema kwamba huyu anafaa zaidi kuliko yule kwa kazi hii. Kwa hiyo wale wanaotaka vikao vifungwe, mimi siwaungi mkono. Kosa, kama lipo, tulitafute mahali pengine.

Mimi nalitafuta katika maneno. Sikilizeni kwa makini maneno ya majira haya. Mchezaji asiyefunga huitwa garasa, yaani ile karata isiyo na thamani ambayo kila mtu hutaka kuitupa. Mwingine huitwa mzigo. Klabu humnunua mtu, humuuza, humtoa kwa mkopo kama jembe la jirani. Na siku hizi wapenzi wa mpira wana neno jipya. Klabu ikiachana na mchezaji, hutoa picha yake yenye maneno ya Kiingereza ya kumshukuru, basi watu husema: fulani amepewa “thank you”. Angalieni ajabu hii. Neno la shukrani limegeuzwa kuwa jina la kufukuzwa. Mtu akisikia kwamba ameshukuriwa, anajua kwamba hana kazi.

Sisi watu wa Dodoma twaujua mnada. Mnunuzi humzunguka ng'ombe, humtazama meno, humshika nundu, humpiga kofi mgongoni aone atakavyokwenda. Akiona hafai, husema wazi hafai, na mwenye ng'ombe hakasiriki. Hapo hapana kosa lo lote. Maneno yote ya mnunuzi yanaishia kwenye bei, kwa kuwa ng'ombe ameletwa pale kwa ajili ya bei, naye hasikii yasemwayo. Mchezaji asikia. Asipokisikia kijiwe cha Miyuji, asikia redio, na asikia uwanja mzima ukimzomea. Mkewe asikia, na watoto wake husimuliwa shuleni.

Ardhi hii yetu ina kumbukumbu katika jambo hili. Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa na kukatiza Ugogo, na waliopita humo hawakuwa wapagazi wa pembe za ndovu tu, bali pia watu waliokwisha kutiwa bei. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale Mkunazini likajengwa kanisa kuu la Waanglikana, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka ule ule. Mwanglikana wa nchi hii akisikia maneno “kumnunua mtu”, hata kwa mzaha, yafaa atulie kidogo afikiri.

Lakini tusikuze jambo kupita kiasi. Mchezaji si mtumwa. Kinachouzwa si yeye, bali ni mkataba wake, nao hutiwa sahihi kwa mkono wake mwenyewe na kwa mshahara. Hata hivyo haki hiyo haikuja yenyewe. Katika Ulaya, mchezaji aliyemaliza mkataba wake aliweza kuzuiwa na klabu yake mpaka klabu mpya ilipe ada. Mbelgiji mmoja, Jean-Marc Bosman, alimaliza mkataba wake na klabu ya Liège mwaka 1990, akatakiwa na klabu ya Dunkerque ya Ufaransa, akazuiwa kwa sababu ya ada. Akashitaki. Tarehe 15 Desemba 1995 mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg ikaamua kwamba mchezaji wa nchi za Jumuiya yao aliyemaliza mkataba ni huru kwenda katika klabu ya nchi nyingine ya Jumuiya hiyo bila ada. Walionufaika zaidi walikuwa wengine waliokuja baadaye. Miaka yake mizuri ya kucheza ilikwisha kupita katika kesi. Mahakama ile, kwa lugha yake ya sheria, ilikuwa ikisema jambo ambalo kijiweni tunalisahau: mkataba ukiisha, mtu anabaki.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alifundisha kwamba tusimtumie binadamu kamwe kama chombo tu, bali tumhesabu daima kuwa mwenye thamani kwa nafsi yake. Neno zito katika fundisho hilo ni lile dogo, “tu”. Hakukataza kutumiana. Mimi namtumia fundi viatu, naye ananitumia mimi kupata riziki. Shabiki humtumia mchezaji kupata furaha, na mchezaji hutumia viingilio vya shabiki kulisha nyumba yake. Hapo hapana aliyedhulumiwa. Dhuluma huanza pale ambapo, kazi ikiisha au ikiharibika, tunaona kwamba hakuna kitu kingine kilichobaki cha kuheshimiwa.

Basi kipimo cha kwanza ninachokipendekeza ni hiki: tuipime kazi, tusimpime mtu. “Mfungaji huyu msimu huu amekosa nafasi nyingi, na timu yataka mwingine” ni maneno ya kazi. Yanaweza kuwa kweli au uongo, na yanaweza kujibiwa. “Huyu ni garasa” si maneno ya kazi. Hayamwambii mtu alichokosa wala anachoweza kurekebisha, yanamwambia alivyo. Neno la namna hiyo halina jibu ila ugomvi au machozi.

Sisi walimu tunaijua vizuri tofauti hiyo, maana tumeishi nayo. Wazee wenzangu wanakumbuka mitihani ya darasa la saba ya miaka ya 1970 na 1980. Nafasi za shule za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, zikagawanywa kwa mikoa na wilaya. Mtoto aliweza kupata alama nzuri kabisa, asichaguliwe, kwa kuwa nafasi zilikwisha. Matokeo yalipobandikwa, orodha ilikuwa ya waliochaguliwa. Lakini mitaani lilikuwapo neno moja tu kwa wote ambao majina yao hayakuonekana: wameshindwa. Ndivyo mtoto aliyekosa nafasi alivyofanywa kuwa mtoto asiyekuwa na akili, na wengine wamelibeba neno hilo mpaka uzee. Kutochaguliwa na kushindwa ni mambo mawili. Katika Matendo ya Mitume, ilipotakiwa kujazwa nafasi ya Yuda, walisimamishwa wawili, Yusufu aitwaye Barsaba na Mathiya, na kura ikamwangukia Mathiya. Yusufu hakutajwa kuwa na upungufu wo wote. Nafasi ilikuwa moja.

Tena wachaguaji wenyewe hukosea. Wamarekani wale, wenye waalimu wa kulipwa, saa za kupimia mbio na mizani za kupimia uzito, katika uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1936 walimtaja kijana Jay Berwanger kabla ya wote. Hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Alishika kazi nyingine. Na mwaka 2000 vijana 198 walitajwa kabla ya Tom Brady. Huyo wa 199 alikuja kutwaa ubingwa wa Marekani mara saba. Kama wenye vipimo hukosea namna hii, sisi tunaotazama kwenye televisheni ya kibandani, penye watu sitini na mpira unaokatika-katika, tungefaa kusema “naona” mara nyingi zaidi kuliko “najua”. Wenyewe twasema mpira unadunda. Na hukumu zetu nazo zidunde kidogo.

Kipimo cha pili ni ukweli. Katika majira ya usajili macho yetu hufuata jezi. Mchezaji Clatous Chama, Mzambia, aliwafurahisha wana Msimbazi kwa miaka kadhaa. Mwaka 2021 aliuzwa kwa klabu ya Berkane ya Morocco, na aliporudi Simba mwanzoni mwa mwaka 2022 alipokelewa kama mwana aliyepotea. Julai 2024 akavuka kwenda Jangwani, kwa Yanga. Mimi nilikuwapo Miyuji, na niliyoyasikia ndiyo haya: wengi waliomwimba jana yake wakamwita mzee aliyechoka, na wengi waliomwita mzee jana yake wakaanza kumwimba. Miguu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika usiku ule kilikuwa rangi ya fulana. Watani wa jadi na wataniane, hapo sina neno. Utani ni mali ya nchi hii. Lakini mtu asiyeweza kuona uzuri wa mpinzani, wala upungufu wa wake, hajadili tena. Anapiga kelele tu, na akizoea kufanya hivyo katika mpira atafanya hivyo katika baraza la mtaa na katika uchaguzi wa viongozi.

Najua nitakavyopingwa, maana nimekwisha kupingwa. La kwanza husemwa: “Mwalimu, hawa wanalipwa mamilioni. Mwenye kula mali ya umma na akubali maneno ya umma.” Hoja hii ina nusu ya kweli. Anayelipwa apimwe, na anayecheza hadharani apimwe hadharani. Lakini mshahara hununua kazi, haununui heshima ya mtu. Daktari naye analipwa. Hatumwiti takataka mbele ya watoto wake. Isitoshe, wanaolipwa mamilioni ni wachache. Nyuma ya majina makubwa wako wachezaji wengi wa klabu ndogo ambao mkataba wao ukikatika, mezani hakuna kitu, na miguu inayowalisha haidumu kama chaki ya mwalimu. Katika miaka ya thelathini na kitu kazi imekwisha.

La pili husemwa: “Maneno makali hayavunji mfupa.” Ni methali ya kweli, lakini binadamu si mifupa peke yake.

La tatu ndilo zito, nalo lastahili jibu refu zaidi. Husemwa: “Ukitutaka tumheshimu mchezaji, basi hatutaweza kumlaumu hata akivunja mkataba au akitudanganya.” Mimi nasema ni kinyume chake. Kumheshimu mtu kuwa mtu ndiko hasa kunakotupa haki ya kumlaumu. Ng'ombe akivunja zizi hatumwiti mwongo, hakuahidi kitu. Mtu huahidi, na kwa hiyo hudaiwa.

Kumbukeni shauri la Feisal Salum, yule kiungo wa Zanzibar ambaye wengi humwita Fei Toto. Desemba 2022, akiwa na mkataba na Yanga, alitaka kuuvunja kwa kuilipa klabu fedha. Klabu ikakataa, na shirikisho la mpira likaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Nusu ya mwaka ikapita bila kucheza. Mama yake akajitokeza hadharani, akasema miongoni mwa mambo mengine kwamba mwanawe alikuwa akila ugali kwa sukari. Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaalika Yanga Ikulu baada ya kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, aliwaomba viongozi wayamalize na kijana huyo. Na katika siku chache akahamia Azam.

Sina nia ya kuhukumu nani alikuwa na haki. Natazama namna tulivyojadili. Lilikuwapo swali zuri sana la kujadiliwa: ahadi iliyotiwa sahihi inafunga kiasi gani? Je, kijana aliyeweka sahihi akiwa hana nguvu ya kubishana anadaiwa sawasawa na klabu yenye wanasheria? Je, klabu iliyomlea na kumpa jina haina madai? Wako waliolijadili hivyo, na niliwasikiliza kwa furaha. Wengine walimlaumu kwa nguvu, lakini walimlaumu kama mtu aliyeahidi. Wengine hawakufika huko. Waliona rahisi zaidi kumcheka mama, na ugali kwa sukari ukawa mzaha wa nchi nzima. Mama kusema kwamba mwanawe hali vizuri, awe amepatia au amekosea, si jambo la kuchekwa. Hapa Ugogo tumepita miaka ya njaa. Hatukufundishwa kucheka chakula cha mtu.

Kwa hiyo lawama ya haki na tusi havitofautiani kwa ukali. Lawama yaweza kuwa kali kuliko tusi. Tofauti ni kwamba lawama husema na mtu, humtarajia ajibu, humwachia mlango wa kurudi. Tusi humfungia mlango, kisha humcheka akiwa nje.

Wengine watauliza: mchezaji yuko Dar es Salaam, nasi tuko Miyuji, hatusikii. Kwa nini mwalimu anahangaika? Nahangaika kwa ajili ya wanaotusikia. Mwaka jana nilipita karibu na uwanja ambapo watoto walikuwa wakijigawa timu. Walikuwa wengi kuliko nafasi. Mkubwa wao, wa darasa la tano au la sita, alipomaliza kuchagua alimgeukia mdogo aliyebaki akamwambia, “Wewe tumekupa thank you.” Wenzake wakacheka. Yule mdogo akaokota kandambili zake akaondoka. Hakulia, wala hakuna aliyempiga. Hakuna aliyefanya kosa ambalo mwalimu wa zamu angeliandika katika daftari. Lakini neno lile hawakulitunga watoto. Walilipata kwetu.

Na haliishii uwanjani. Nimesikia mkwe akiitwa usajili mbaya. Nimesikia baba akimwambia mwanawe aliyerudi na alama hafifu kwamba dirisha dogo likifunguliwa atamtoa kwa mkopo. Walicheka wote, na huenda mtoto pia alicheka. Binti wa kazi anarudishwa kwao Kongwa au Chamwino baada ya miaka mitatu ya kulea watoto wa watu, na anayemrudisha anasimulia kama klabu inayotangaza mchezaji aliyeachwa. Lugha ni kama maji ya mfereji: ukiyafungulia shamba moja, hayatauliza shamba la pili ni la nani. Aliyezoea kuuliza juu ya kila mtu “ana faida gani kwetu msimu huu?” atafika siku ya kumwuliza hivyo mama yake mzee, na hatimaye atajiuliza mwenyewe, siku nguvu zitakapomwisha, wala hatapata jibu.

Sisi tuliostaafu twalijua swali hilo. Tumekwisha kutoka kikosini. Vijana wanashika chaki zetu, na ndivyo inavyopasa. Kama thamani ya mtu ni kazi yake peke yake, basi wastaafu wote, wagonjwa wote na watoto wachanga wote ni magarasa. Hakuna hata shabiki mmoja anayeamini hivyo akiwa nyumbani kwake. Namwomba tu aamini vivyo hivyo akiwa kijiweni.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Walijua kwamba anayecheza atapimwa. Asiyejua kucheza hakutunzwa. Lakini walijua pia kwamba kutunza ni kutoa kitu mkononi mwako, si kupokea tu. Kwa hiyo nina pendekezo dogo kwa wapenzi wa mpira wa mtaa huu, Simba kwa Yanga, na sisi wachache tunaovumilia jua la Uwanja wa Jamhuri pamoja na Walima Zabibu wetu tangu walipopanda Ligi Kuu mwaka 2020. Dirisha litakapofunguliwa tena, jadilini. Semeni nani anafaa na nani hafai kwa kazi ipi, na mtoe sababu. Na kila mchezaji atakapoachwa, kabla ya kumjadili anayekuja, mmoja wenu ataje jambo moja jema ambalo yule anayeondoka aliifanyia timu: bao, pasi, au hata mazoezi aliyofanya mwaka mzima akikaa benchi bila kununa. Halitachukua dakika moja.

Nasi wengine tuifanye desturi hiyo katika mtaa wetu. Mzee wa kanisa anapomaliza muda wake, mwimbaji anapopungukiwa sauti, mlinzi anapoachishwa kwa kuwa fedha hazitoshi, asimame mtu aseme alichofanya, kwa jina lake, mbele ya watu. Neno asante lilikuwa na kazi yake kabla klabu hazijalichukua, na kazi hiyo bado ipo.